Kuni za Rajab

Nyumbani kwetu Mangarivotra, Mahajanga, kulikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote na hakuna aliyethubutu kuivunja: kuni za mfungo hukatwa Rajab. Si Shaaban, kwa sababu kuni zilizokatwa Shaaban huingia Ramadhani zikiwa bado mbichi na kuwatoa wapishi machozi. Na si kabla ya Rajab, kwa sababu baba alisema hivyo. Mwezi wa Rajab ukiandama, kesho yake mashoka yananolewa.

Mimi ndiye niliyekuwa macho ya nyumba. Baba hakuwa akiona mbali, mama hakuwa na subira ya kukodolea mbingu, na wadogo zangu walikuwa wadogo kweli. Mwishoni mwa miaka ya sabini, nilipofika miaka kumi na minane, kazi ya kwenda ufukweni kuutazama mwezi mwandamo ilikuwa yangu, na niliifanya kwa kiburi kikubwa. Nikirudi nikisema "umeandama," hata baba alisimama.

Kimalagasi kilikuwa cha mama, Kingazija cha baba, na Kiswahili ninachokiandika sasa kilikuwa kwetu maneno ya dini na ya bandarini tu, nilikisoma ukubwani. Kwa hiyo maneno ya watu nitakayoyataja hapa nimeyavisha nguo nyingine. Wenyewe wangeyatambua.

Muda si mrefu kabla ya hapo mji ulikuwa umepitiwa na msukosuko mbaya, na watu wetu wengi wenye asili ya Ngazija walipandishwa meli wakarudi visiwani. Sisi tulibaki. Mama alikuwa Msakalava, na kaka yake, mjomba wangu ambaye kwa lugha yao tulimwita zama, alikuja akakaa mlangoni petu siku zile zote mpaka mambo yakatulia. Lakini mtaa haukuwa tena mtaa. Ungeweza kupita nyumba tano zilizofungwa kabla hujasikia mtu akikohoa.

Ndipo baba alipoongeza jambo kwenye sheria yake. Kila mwaka, wiki moja kabla ya mfungo, alibeba tita la kuni akalipeleka katika kila nyumba ya watu wetu iliyobaki. Hakuuza hata kijiti. Nilimuuliza siku moja kwa nini anajivunja mgongo kwa watu ambao wana hela ya kununua kuni sokoni. Akasema, "Moshi ukipanda jioni kwenye kila paa, kila mtu anajua hayuko peke yake." Sikumjibu, na kwangu mimi kutojibu ilikuwa heshima ya juu kabisa.

Kuni zenyewe zilitoka kwenye msitu wa zama, mwendo wa nusu siku kwa gari la ng'ombe kutoka mjini. Usifikirie msitu wa giza na unyevu. Ule wa kwetu ni msitu mkavu, ambao kiangazi chote husimama uchi, majani yameanguka yote, jua linafika chini, na unaweza kumwona mtu kutoka mbali kama yuko uwanjani. Kulikuwa na mikwaju, mikunazi, na mti wenye moyo mweusi waliouita manari, ndugu wa mpingo, ambao kaa lake halizimiki upesi. Zama alimpa baba ruhusa ya kukata huko nilipokuwa na miaka minane hivi, kwa sharti moja. Kila mwaka, kabla ya kukata upya, wangetembea pamoja kuvikagua visiki vya mwaka uliopita. Vikiwa na machipukizi, shoka linaingia. Visipokuwa nayo, ruhusa inalala.

Matembezi hayo yalikuwa na kichekesho chake. Sijui kama ni desturi ya Wasakalava wote au ya ukoo wa mama tu, lakini zama hakumkosoa baba usoni, wala baba hakumwomba zama kitu moja kwa moja. Heshima kati ya mume na kaka wa mke ilikuwa nzito, na maneno mazito yalihitaji mtu wa kuyavusha. Mtu huyo alikuwa mtoto wa mwanamke aliyewaunganisha, yaani mimi. Wanaume wawili wamesimama mbele ya kisiki kimoja, ungeweza kuwafunga kwa kanga moja, na zama ananiambia, "Mwambie baba yako hiki kimechipua vizuri." Ninageuka: "Baba, zama anasema hiki kimechipua vizuri." Baba anajibu, "Mwambie zama yako nashukuru." Nilijiona kasuku. Nilipokuwa mtoto ilinifurahisha, na nilipokuwa mkubwa ilinichosha roho.

Miaka ile visiki vilichipua kwa fujo. Tulikata katika kipupwe, miti ikiwa mitupu na ardhi imekauka, na baba alikuwa na mkono wa kazi hiyo. Alikata chini, karibu na udongo, na kila kisiki alikiacha na mteremko ili maji ya mvua yasikalie kidonda. Mvua za kwanza zikigusa, kila kisiki kilitoa machipukizi kumi, kumi na mbili, mekundu kisha ya kijani. Zama aliyapunguza akabakiza matatu yaliyonyooka. Baba aliyatazama akasema, "Rajab ina mkono mwepesi." Sote tuliamini hivyo, nami nikiwa wa kwanza.

Sasa, hakuna Mwislamu asiyejua kwamba miezi yetu hutembea. Ramadhani huja mapema zaidi kila mwaka kwa siku kumi au kumi na moja, na kila mzee ana hadithi ya mfungo wa joto na mfungo wa mvua. Tulijua. Lakini tulilijua hilo msikitini, na msituni tulijua lingine, na hayo mawili hatukuyakutanisha hata siku moja. Siku kumi ni nini? Unaenda msituni, unaona miti ina majani machache zaidi ya mwaka jana, unasema mwaka huu mvua zilichelewa kuisha. Mwaka unaofuata unasema vivyo hivyo.

Nilipofika miaka ishirini na miwili nilikuwa nimeshaolewa na kurudi nyumbani, kwa sababu ya ulimi wangu, walisema, nami sikubishi sana. Rajab ya mwaka huo ilitukuta masika ndiyo kwanza yanafunga virago. Msitu ulikuwa wa kijani. Shoka likigonga, maji yalitoka. Na gome! Miaka yote gome la kuni zetu lilikuwa limeng'ang'ania mti, na ilitubidi tubebe kamba ya katani kutoka mjini kufungia matita. Safari hii nilichanja kwa kisu, nikavuta, na gome likaja lote kwa mkono, refu, laini, lenye utelezi kama samaki. Nilifunga tita la kwanza kwa ugwe wa gome nikampelekea baba. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mnaona?" aliwaambia wakataji wenzake. "Rajab sasa inatupa na kamba."

Zama alikuwa kando, ameegemea gurudumu la gari la ng'ombe. Aliniita. Aliokota kipande cha gome, akakigeuza upande wa ndani, akasema polepole, "Mwambie baba yako miti bado ina majani."

Hayo tu. Lakini mimi nilikuwa na jasho, nilikuwa na furaha ya kamba yangu, na nilikuwa nimechoka kutumwa hatua kumi na watu wazima wenye miguu yao. Nikamwambia, "Zama, sisi tunachukua kuni, majani tunawaachia nyinyi. Na mwezi wa Mungu haujawahi kumdhuru mti."

Alinitazama. Akakaza kikoi chake kiunoni, akasema, "Haya," akaenda kuwanywesha ng'ombe. Baba aliniuliza kutoka kule, "Anasemaje?" Nikajibu, "Hakuna."

Mwaka uliofuata visiki vingine vilikuwa na machipukizi mawili, membamba, yamekauka ncha. Vingine vilikuwa na uyoga. Baba alisema mbuzi wamepita. Mwaka mwingine akasema wakataji aliowachukua hawajui kuelekeza shoka, na akakata vyote mwenyewe, akiwa na mgongo wake ule, na bado havikuchipua. Kilichotupoteza zaidi ni mkunazi. Mkunazi hauna haya. Ukate masika, ukate kiangazi, ukate kwa meno, utachipua. Baba alikuwa akinishika mkono ananipeleka penye mikunazi: "Angalia, si hii hapa?" Nami niliangalia mikunazi, nikaipa kisogo manari. Matembezi ya ukaguzi yakawa mafupi. Zama alipita kisiki kimoja, cha pili, akasema, "Mwambie baba yako tumeona," na wakati huo tayari alikuwa amegeuka kurudi.

Nilipotimiza miaka ishirini na saba, Rajab ilikuwa imefika katikati ya mvua zenyewe. Tulikwenda na gari la ng'ombe kwenye tope. Zama alitungoja njiani, kabla hatujafika msituni. Aliniambia, "Mwambie baba yako tuviache visiki vipumzike." Hili nililifikisha. Baba aliitikia kwa kichwa, akamgeuza ng'ombe mwenyewe.

Ramadhani hiyo hapakuwa na matita. Baba angeweza kununua kuni za mtu mwingine akagawa, lakini alisema si kitu kimoja, na nilimwelewa. Bibi mmoja wa nyumba ya pili alikuja kuuliza kama baba ni mgonjwa. Mama alimwambia ndiyo, homa kidogo. Baba alikuwa chumba cha ndani, anasikia yote, na alikaa humo mpaka yule bibi akaondoka. Sijapata kumwona mtu mzima akijificha nyumbani kwake mwenyewe isipokuwa siku hiyo, na ilinichoma.

Baada ya Idi nilipelekwa Nosy Be. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa kuchochea moto chini ya mtambo wa kuvukiza maua ya mlangilangi, kwenye barabara ya Andilana. Alikuwa ameungua mkono akahitaji msaidizi. Watu husifu harufu ya kisiwa kile. Hawajui kwamba nyuma ya harufu kuna mlima wa kuni. Mtambo ule ulikula kuni mchana kutwa, na shangazi alizijua kama mpishi anavyojua mchele. Kuni ikiwekwa mbele yake aliigonga mara moja akakuambia ilikatwa lini.

Siku moja tulikwenda na wakataji kuchagua miti. Nosy Be kuna mvua kuliko kwetu, lakini hata huko miti ina msimu wake wa kupumzika. Shangazi alikwenda kwenye mti mmoja, akachanja gome kwa ukucha wa dole gumba, akajaribu kulibandua. Likabanduka. "Huu uko kazini," akasema, akauacha. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu gome likakatika vipande vidogo, halikutaka kutoka. "Huu umelala. Ukate huu."

Nikamwuliza tofauti ni nini.

"Mti wenye majani umetoa chakula chote stoo," alisema. "Kiko juu, kwenye matawi. Ukiukata wakati huo unaondoka na mti na posho yake. Mizizi inabaki na njaa. Hata ikijitahidi kutoa chipukizi, mvua inaisha kabla halijakomaa, na jua linalimaliza. Ukiungoja upukutishe majani, posho imesharudi chini. Hapo ukikata, mvua ikija, mizizi ina nguvu ya kuanza."

"Na kama mtu anakata kwa mwezi? Kila Rajab?"

Shangazi alicheka. "Mwezi ni wa ibada, mwanangu. Kazi za shambani zina mwaka wao, wa jua, babu yako aliuhesabu kuanzia Nairuzi, siku mia tatu sitini na tano. Baba yako hakuwa na subira ya kujifunza. Alisema ni hesabu ya mabaharia."

Nilikaa juu ya gogo nikahesabu kwa vidole. Rajab ya utoto wangu, mwisho wa kiangazi. Rajab ya miaka kumi na minane, kipupwe. Rajab ya kamba za magome, mwisho wa masika. Rajab ya tope. Mimi niliyeuona kila mwezi mwandamo kwa macho yangu, nikautangaza nyumba nzima ikasimama, nilikuwa nimeuona ukitembea kutoka kiangazi hadi mvua bila kuona kitu. Nilicheka kwa hasira. Kisha, lazima niseme ukweli, nilifurahi. Nilijiona nimevumbua dawa. Mkono wa shangazi ulipopona nilirudi Mahajanga, na sikwenda nyumbani kwanza. Nilikwenda moja kwa moja kwa zama, nimpe habari.

Alikuwa anatengeneza nira ya ng'ombe. Nikamweleza yote, ukucha, gome, posho iliyoshuka mizizini. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza hata neno moja, kisha akasema, "Ndiyo. Ni hivyo."

"Ulijua?"

"Kila mtu huku anajua. Ndiyo maana nilikutuma."

Sikuelewa mara moja. Akaendelea na nira yake. "Nilisema mara moja. Ulinijibu. Nikafikiri umempelekea baadaye, na kwamba kuendelea kukata ndilo jibu lake. Basi, ni shemeji yangu. Nifanye nini? Nimfungie msitu, na mtaa wake umebaki na nyumba chache? Nikasema acha akate. Miti michache haizidi mtu."

Waswahili husema mjumbe hauawi. Hawasemi afanywe nini mjumbe asiyefikisha. Nilirudi mjini kwa miguu sehemu kubwa ya njia, ingawa magari ya ng'ombe yalinipita na watu wakaniita nipande.

Baba alikuwa kizingitini, anachonga mpini wa shoka ambalo hakuwa na mahali pa kulitumia. Nikaanza na shangazi, na gome, na miezi. Uso wake ukabadilika. "Unaniambia mwezi wa Mungu umeua miti?"

"Hapana, baba. Sisi ndio tulioutwika kazi isiyo yake."

Nikajua nikikaa pale nitatafuta neno jingine la kupamba, kwa hiyo nikalisema: "Zama alituma maneno. Zamani, siku ya kamba za magome. Alisema, mwambie baba yako miti bado ina majani. Sikukuambia."

Kisu kilisimama kwenye mpini. Mama ndani aliacha kutwanga. Baba aliuliza, "Siku ile nilipokuuliza anasemaje?"

"Ndiyo."

"Ungeniambia siku ile ningekukaripia mbele ya watu," akasema baadaye sana. "Halafu usiku ningelala nikifikiria, na asubuhi ningesikia."

Hakunipigia kelele. Laiti angenipigia. Nililia jikoni, na mama aliendelea kutwanga mchele ambao ulikuwa umeshatwangika.

Kiangazi hicho baba alinituma kwa zama kuomba ruhusa, na zama akanirudisha na siku ya kwenda kukata. Msitu ulikuwa mtupu, majani yanalia chini ya miguu. Baba, ambaye hakuona mbali lakini karibu aliona vizuri, alikwenda kwenye manari wa kwanza akauchanja kwa ukucha. Akavuta. Gome lilikataa. Akaenda wa pili, likakataa. Ndipo akashika shoka. Hatukukata mingi, na matita tuliyaweka chini ya paa la makuti yaungojee mfungo uliokuwa bado uko mbali. Tulifunga kwa kamba ya katani ya kununua, na mimi ndiye niliyeifunga, fundo kwa fundo.

Sasa nimezeeka, na malori ya mkaa yanaingia Mahajanga mwezi wowote, masika na kiangazi. Nikiona gunia ninachungulia, na nikikuta gome limebanduka safi ninanuna siku nzima. Visiki vya miaka ile mibaya vingi havikurudi. Pale msituni paliachwa uwazi, na nyasi zikaingia, na moto ukafuata nyasi. Sina la kusema juu ya hapo isipokuwa napajua.

Lakini mvua zilizofuata kiangazi kile cha ukucha ziliponyesha na kupita, tulikwenda kukagua. Zama mbele, baba nyuma, mimi katikati. Zama aliinama kwenye kisiki cha kwanza cha manari, akapitisha kiganja juu ya machipukizi, akahesabu kimyakimya. Yalikuwa yamefika magotini kwake. Akainuka, akanitazama mimi, si baba.

"Mwambie baba yako yamerudi."

Baba alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwetu, na alikuwa amesikia kila herufi. Niliyaona machozi yake. Aliningoja. Niligeuka nikamwambia, neno kwa neno.